Mji Ulioulizwa Mara Mbili

Usiku wa jana niliota nimehamia ndani ya kipande cha Sekela. Sisemi nyumbani kwake. Nasema ndani ya kipande chenyewe, kile cheusi, kidogo kuliko ukucha, alichokuwa akikioka kwenye tanuri la maabara yetu tangu masika.

Nieleze kwanza mambo yalivyokuwa mchana, maana ndoto haikuanza hewani.

Sekela anasoma shahada ya uzamili. Mimi nilihitimu mwaka jana, nikabaki palepale maabara kama msaidizi, kwa sababu naamini vipande vya namna hii vitakuja kuwasha taa vijijini bila kupoteza umeme njiani, na pia kwa sababu hakuna pengine nilipoitwa. Kipande chake ni kigae cha shaba na oksijeni na vitu vingine viwili. Kikiwa na joto la kawaida, umeme hupita humo kwa shida. Kikipozwa sana kwa naitrojeni kimiminika, umeme hupita bila kupungua hata chembe.

Tulikuwa tunakipima kwa njia ya Hall. Unapitisha umeme kwenye urefu wa kipande, unakiweka mbele ya sumaku, halafu unatazama umeme umesukumiwa ukingo upi. Ukingo mmoja unasomeka chanya, mwingine hasi. Kilipokuwa na joto kilisema chanya, kama vitabu vinavyotaka. Kilipokaribia ule ubaridi wake kikasema hasi, kwa muda mfupi tu, kisha kikanyamaza.

Daktari Kalinga, msimamizi wetu, alivua miwani akasema hiyo si hasi, hizo ni nyaya zilizobandikwa upogo. "Kesho asubuhi kisage, Sekela. Uoke upya."

Kuoka upya maana yake Sekela hamalizi mwaka huu. Alisema, "Sawa, Daktari," akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa vimekwisha oshwa.

Nyaya nilizibandika mimi. Nililala nikiwaza hilo.

Basi nimesimama barabarani. Barabara imenyooka, na pande zote mbili kuna nyumba za shaba, zote za vipimo vilevile, zimepangwa kama keki kwenye trei. Kila nyumba ina mpangaji mmoja, na kila mpangaji yuko dirishani ameegemeza kiwiko.

"Shikamooni," nikasema, kwa kuwa sikujua umri wao.

"Marahaba," wakajibu wote, bila kugombana nani mkubwa.

"Mbona hamtoki nje?"

"Twende wapi?" akauliza wa karibu. "Kwa jirani kuna jirani. Na kwa jirani wa jirani pia kuna mtu. Hapa kila nyumba mtu mmoja, kila mtu nyumba moja. Usafi ni mzuri lakini matembezi hakuna."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Nikageuka. Hapakuwa na mtu. Palikuwa na umbo la mtu aliyeondoka sasa hivi, kama godoro linavyobonyea mtu akishaamka. Umbo lile lilinipa mkono, na mkono wake ulikuwa vuguvugu.

"Naitwa Kwaheri," likasema. "Mimi ni nafasi. Palikuwa na mpangaji hapa. Dada yenu alipokuwa anaoka, oksijeni ikapita mlangoni ikamwita. Alipoondoka alisema kwaheri. Ndilo neno pekee nililoachiwa, nikalifanya jina."

"Pole."

"Usinipe pole. Bila sisi mji huu ungekuwa picha ukutani."

Akanionyesha. Alisogea kwenye nyumba ya kulia kwake. Mpangaji wa pale akafunga virago vyake kwa furaha isiyo na kelele, akahamia nyumba ya kushoto. Kwaheri akasogea tena, na mpangaji mwingine akapata safari. Kila alipokwenda upande mmoja, mtu mmoja alikwenda upande wa pili.

"Ndiyo maana tunahesabiwa chanya," akasema. "Tunatembea kinyume cha wanaotembea."

Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku ya mahafali. Nikataka kutembea naye. Nikapiga hatua moja mbele, nikajikuta nimeegemea ukuta wa kando. Nikapiga nyingine, nikaingia mtaroni.

"Huo ni upepo wa sumaku," Kwaheri akanieleza, akinitoa mtaroni kwa adabu. "Aliyesimama haumgusi. Anayetembea ndiye anayesukumwa kando, na anayekimbia anasukumwa zaidi. Hapa mtu mwenye haraka hujulikana kwa matope."

Kweli, kando ya barabara, ukingo wa kulia, walikuwa wamejazana wenzake Kwaheri, nafasi tupu zimebanana kama watu kwenye mlango wa ofisi ya ardhi. Msongamano ulipokuwa mkubwa wa kutosha, uliwarudisha kwa mabega wale waliokuwa wanakuja, na waliokuja nyuma yao wakaweza kupita katikati wakiwa wamenyooka.

Kwenye kila ukingo alikaa waya mmoja juu ya kigoda cha gundi ya fedha. Kazi yao ilikuwa kusikiliza msongamano. Waya wa kulia ulikuwa mtulivu. Waya wa kushoto ulikuwa umekaa mbele kidogo, haukumwelekea mwenzake sawasawa, na uliponiona ukakunja uso.

"Ndiye huyu," ukasema. "Ndiye aliyenikalisha hapa. Ulipiga chafya ukinibandika, kaka."

"Samahani."

"Samahani haininyooshi. Nakaa upogo, kwa hiyo nasikia msongamano na pia nasikia nyayo za wapita njia. Nikitoa ripoti, sijui kipi ni kipi. Halafu mnasema waya mwongo."

Kati yao, kwenye kiti cha juu, ilikaa voltimita, kipima umeme chetu. Uso wake ulikuwa wa kioo na haikujua maneno mengi.

"Habari za hapa?" nikaiuliza.

"Chanya," ikasema.

"Na nyumbani?"

"Chanya kidogo."

Mwisho wa barabara kulikuwa na kinu. Kilikuwa kile cha mawe cha Daktari Kalinga, lakini kikubwa kama kanisa, kimekaa kwenye benchi kinasoma gazeti, mchi umelala mapajani pake. Nilikikaribia kwa mashaka, nikiingia mtaroni mara kwa mara.

"Umefuata nini?" nikakiuliza.

"Mji," kikasema, bila kuinua macho. "Lakini usijali, sina haraka. Nimeambiwa asubuhi."

"Mji huu haujakosa."

"Sijasema umekosa. Mimi sisagi makosa, nasaga vipande." Kikafunua ukurasa. "Nikuulize na wewe. Wakipoa, wanasema hasi au hawasemi?"

"Wanasema hasi."

"Una hakika si yule waya wako aliyepigiwa chafya?"

Kinu kikanitazama kwa mara ya kwanza, na kwa kweli kilikuwa na macho ya huruma. "Basi nenda katafute hakika," kikasema. "Nikimaliza habari za michezo nitaanza."

Nikamgeukia Kwaheri. "Tunapata wapi hakika?"

"Kwa Fahali," akasema, kama mtu anayetaja duka la jirani.

Hapo barabara ikawa ukungu. Hatukusafiri. Ukungu ulikuja tulipokuwa, mweupe na mzito, ukakaa. Ndani yake nikaona kuta za chuma zinazong'aa na nikatambua tuko ndani ya chupa yetu ya naitrojeni. Hatutengenezi naitrojeni sisi wenyewe. Tunagawiwa na kituo cha uhimilishaji wa ng'ombe, ambako huhifadhi mbegu za madume bora kwenye mirija. Safari hii inaelekea walisahau kutoa mrija mmoja, kwa sababu fahali alikuwa amesimama mbele yetu, mwekundu, nundu kama mlima, na barafu kwenye kope.

"Shikamoo, Baba," akasema Kwaheri.

"Marahaba. Fungeni mlango, mnaingiza joto."

Hapakuwa na mlango. Nikaufunga hata hivyo.

"Huyu ni Chediel," Kwaheri akanitambulisha. "Anatoka kwa wale wanaokuazima."

"Nawajua. Wanakuja na ndoo." Fahali akanitazama juu mpaka chini. "Mimi nina watoto mikoa sita, kijana, na sijawahi kukanyaga nyasi. Nimekaa humu kwenye baridi nikiwaza. Sema shida yako."

Nikamweleza yote, Sekela, hasi, waya, kinu. Alisikiliza akicheua, ingawa hakuwa na cha kucheua.

"Mji mmeuuliza mara ngapi?" akauliza.

"Mara moja."

"Mara moja." Akamtazama Kwaheri, nao wakatikisa vichwa pamoja kama wazazi kwenye kikao cha shule. "Kijana, mji huulizwa mara mbili. Unauuliza upepo ukivuma huku, kisha unauuliza upepo ukivuma kule. Jibu likigeuka pamoja na upepo, hilo ni la wakazi. Lisilogeuka ni la upogo wako wewe. Hamkufundishwa?"

"Tulifundishwa, Baba. Lakini sumaku yetu haigeuziki. Ni kubwa mno. Tumeomba winchi, na ombi bado linajadiliwa."

"Iiteni hiyo sumaku."

Sumaku ikaja, yaani ukungu ukasogea ikaonekana ipo. Ilikuwa imefungwa sakafuni kwa nati zilizopakwa rangi ya serikali.

"Geuka," Fahali akaiamuru.

"Sigeuki," ikasema sumaku. "Niko hivi tangu jengo lilipofunguliwa. Alikuja mgeni rasmi akakata utepe akanikuta naelekea huku. Nikigeuka leo, nitamwambia nini?"

Fahali akafikiri. Barafu ikadondoka kutoka kwenye kope moja.

"Basi tutageuza mji," akasema.

Nilibaki nimemtazama. Miezi yote ile sisi watatu, na mmoja wetu ni daktari wa falsafa, tuliizunguka ile sumaku tukipima urefu wa minyororo na uzito wa nati. Kipande chenyewe Sekela hukibeba kwa kibanio cha nyusi. Hakuna aliyewaza kukilaza kifudifudi.

"Mbona umeduwaa?" akauliza Fahali.

"Najifunza, Baba."

"Jifunze ukitembea. Baridi iliyobaki ni ya mara moja tu. Nikishaimimina, mji utapita pale penye hasi, halafu utanyamaza kabisa. Huwezi kuwauliza watu walionyamaza."

Tukarudi barabarani, yaani barabara ikarudi kwetu. Fahali akaanza kupumua juu ya mji, polepole, pumzi nyeupe ikishuka kwenye mapaa ya shaba. Kinu kilikuwa kimefika habari za michezo.

Sasa nafasi zote zinaanza kutafutana. Mmoja anamwona mwingine mitaa mitatu mbele, na badala ya kwenda kumgusa, anaanza kutembea kwa mwendo uleule wa mwenzake. Wawili, wawili. Hawashikani mikono lakini huwezi kuwatenganisha. Wakipata wenzi, hawagongi tena ukuta, hawajikwai kwenye kizingiti, wanapita tu. Nilitokwa na machozi kidogo, yakaganda.

Ubaridi ulifika mahali ukasimama. Fahali akaacha kupumua.

"Mji hauvuki kwenda penye hasi," akasema. "Kuna mmoja hana mwenzi."

Alikuwa Kwaheri. Alisimama katikati ya barabara, umbo lake limebonyea zaidi kuliko mwanzo.

"Endeleeni bila mimi," akasema.

"Haiwezekani bila wewe, na unajua," wakasema waliokwisha pata wenzi, bila ukali. "Ngoma hii ni ya wote au si ya mtu."

"Labda dada yenu alipooka, oksijeni ilimwita mpangaji mmoja zaidi," Kwaheri akaniambia taratibu. "Si kosa lake. Kila mji una mmoja kama mimi." Kisha akanitazama mdomoni kwa muda mrefu, mpaka nikaona haya. "Chediel, hapo mbele, karibu na chonge. Hapo pana nani?"

"Hapana mtu. Ni pengo. Nilianguka kwenye baiskeli nikiwa darasa la sita."

"Aliyekuwepo aliondoka?"

"Aliondoka siku hiyohiyo. Bibi alimtupa juu ya paa."

"Basi ni mwenzetu," akasema Kwaheri, na sauti yake ilikuwa kama ya mtu aliyeona jina lake limeandikwa kwenye ubao wa waliochaguliwa. "Ni nafasi. Amekaa peke yake miaka yote hiyo, katikati ya wapangaji wengi. Ungekubali aje kwetu?"

Nilifikiri juu ya pengo langu. Tulizoeana. Watoto mtaani walinitania kwa ajili yake, na nilipokuwa mnyonge ulimi wangu ulikwenda kukaa humo. Lakini nilimwona Sekela akiosha vikombe visafi. Nikafungua mdomo.

"Mchukue," nikasema. "Ni mpole. Hapendi vitu vya moto."

Pengo langu likatoka. Lilikuwa dogo kuliko nilivyodhani, na lilikuwa na aibu. Likasimama ng'ambo ya barabara. Kwaheri akapiga hatua moja. Pengo nalo, huko lilikokuwa, likapiga hatua.

Mji ukavuka.

Upepo wa sumaku, ambao mwanzo ulivuma kila mahali, sasa haukuruhusiwa kuingia ila kwa vimbunga vidogo, kila kimoja upana wa sufuria, na ndani ya kila kimoja wenzi walikuwa wanazunguka. Nilitarajia vimbunga vile vichukuliwe na msafara kwenda mbele. Havikwenda mbele sawasawa. Viliserereka kidogo kurudi vilikotoka, kama watu waliosahau kitu nyumbani, na msongamano ukatokea ukingo wa kushoto, mahali ambapo hapakuwahi kuwa na mtu.

"Hasi," ikasema voltimita.

"Kwa nini vinarudi nyuma?" nikamwuliza Kwaheri, aliyekuwa akipita na pengo langu.

"Wataalamu wenu wanabishana," akasema bila kusimama. "Sisi tunajua tunavyotembea. Hatujawahi kujua kwa nini. Wahi, tunakaribia kunyamaza."

Kinu kilikunja gazeti.

"Huyo ni waya aliyepigiwa chafya," kikasema, kikisimama. Mchi ukasimama nacho.

"Geuza, Baba," nikamwambia Fahali.

Fahali akainamisha kichwa, akaingiza pembe moja chini ya mji, akauinua kama mtu anayegeuza chapati. Barabara ikaja juu. Tukawa tumesimama darini na mbingu iko chini ya nyayo zetu. Wapangaji waliokuwa madirishani walibaki wameegemeza kiwiko, isipokuwa mmoja aliyesema, "Nilikuwa natazama kitu," kwa masikitiko.

Sumaku haikusogea. Upepo ulikuwa uleule, lakini sasa uliingia mjini kutoka upande wa pili.

Kinu kimefika mlango wa mji. Nakiona mdomo wake. Voltimita imekodoa kioo na haisemi. Waya wa kushoto umefumba macho unasikiliza. Nawaza kwamba ikisema hasi tena, basi yote yalikuwa chafya yangu, na mwaka wa Sekela umekwenda kwa chafya.

"Kuna nini?" nikauliza.

Voltimita ikameza mate.

"Chanya," ikasema.

Jibu lilikuwa limegeuka pamoja na mji. Kinu kikasimama palepale, mguu mmoja hewani.

Upogo wangu tuliuona pia. Haukugeuka. Ulibaki barabarani peke yake, mdogo kama mbuzi wa siku moja, umenuna. Fahali alisema tuutoe kwenye hesabu tuuache uende zake, kila maabara inao. Kinu kikanipa gazeti lake, kikasema, "Nimefurahi kukosa kazi," kikaondoka kuelekea upande usiokuwepo.

Halafu mji wote ukanyamaza. Msongamano haukuwepo tena ukingo wowote. Vimbunga vilisimama. Watu wawili wawili walipita bila kugusa kitu, bila kupungua, na mwishoni kabisa nilimwona Kwaheri, na mitaa miwili nyuma yake, kwa mwendo uleule, pengo langu. Halikunitazama. Lilikuwa na shughuli.

"Sifuri," ikasema voltimita kwa sauti ya chini, kama anayefunga mlango wa chumba alimolala mtoto.

Niliamka kumeanza kupambazuka. Nilikuwa nimelala na nguo za kazini. Sikunawa, sikunywa chai. Nilichukua simu nikampigia Sekela, kwa sababu yeye ndiye anayekaa na funguo za maabara na Daktari Kalinga ni mtu wa kuwahi.

Ililia sana kabla hajapokea. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye hakulala.

"Sekela," nikasema, "sikiliza. Kipande kisisagwe bado. Sumaku tuiache ilivyo, tukigeuze kipande. Tukilaze kifudifudi, tupime tena. Naitrojeni iliyobaki inatosha mara moja."

Nikasikia akiketi kitandani.

"Sekela, umenisikia?"

"Nimesikia," akasema. "Nani mwenzangu?"

"Mimi. Chediel."

"Hapana. Chediel hawezi kusema Sekela bila kupiga mluzi. Nina mwaka na nusu nasikia huo mluzi. Wewe nani, na umeipataje simu yake?"

Nikapitisha ulimi mbele, karibu na chonge. Jino lilikuwepo. Lilikuwa zima, laini, na baridi sana, kama mtu aliyeingia ndani sasa hivi kutoka nje.

"Haloo?" akasema Sekela.

"Ni mimi," nikasema. "Nitakueleza njiani. Wahi wewe kwanza, ukafiche kinu."